Programu ya Fortran inakufa kwa mstari mmoja mbovu, naizuiaje?

chipukizi_f90
Wakuu habari, nina programu inasoma faili la vipimo, mistari kama laki 2 hivi, kila mstari namba 3. Ikikuta herufi mahali pa namba inakufa hapo hapo na kuandika "Bad real number in item 3 of list input". Jana imepiga kazi masaa matatu ndo ikafa, imeniuma sana. Nataka iuruke huo mstari, iniambie ni wa ngapi, iendelee. Natumia gfortran, ile kompaila ya lugha ya Fortran.

mzee_wa_namba
Inawezekana mkuu. Fortran inaiua programu kwa sababu hujaiambia kosa utalishughulikia mwenyewe, ukishaweka iostat kwenye read haifi tena, inakurudishia namba tu: 0 salama, hasi data imeisha, chanya kosa. iomsg inakupa maelezo yake.
Ila usisome namba moja kwa moja toka kwenye faili, kosa likitokea katikati hujui faili limebaki limesimama wapi. Chukua mstari mzima kama maandishi kwanza, halafu ndo uzitoe namba humo, yote haya ndani ya mzunguko wa do:

```
read(10,'(a)',iostat=ios) mstari
if (ios /= 0) exit
n = n + 1
read(mstari,*,iostat=ios,iomsg=ujumbe) x,y,z
if (ios /= 0) then
  print *, n, trim(ujumbe)
  cycle
end if
```

Angalizo, mstari wenye namba 2 tu utakupa hasi kwenye hiyo read ya pili, usije ukadhani faili limeisha.

kokotoa
Naongezea, iostat haikamati kila kitu. Mtu akiandika 10,5 akimaanisha kumi na nusu, Fortran inasoma 10 halafu 5, ios inabaki 0 na namba zako zote zimesogea! Hiyo lazima uikague mwenyewe.
Kwenye allocate (amri ya kutenga kumbukumbu) weka stat na errmsg, zinafanya kazi kama iostat na iomsg. Ila kutoka nje ya mipaka ya array (safu ya namba) hakuna wa kukukamatia ndani ya kodi, kompaili na -g -fcheck=all -fbacktrace ikuonyeshe mstari. Kugawa namba za desimali (real) kwa sifuri nako kunapita kimya kimya, weka -ffpe-trap=zero,invalid isimame pale pale. Na ukiamua mwenyewe programu isimame tumia error stop 3, script iliyoiita itaiona hiyo 3.

chipukizi_f90
Imekubali wakuu, asanteni sana! Mibovu ipo 14, mmoja umeandikwa 1O.5, yaani herufi O badala ya sifuri, kwa macho nisingeiona kamwe. Sasa naenda kutafuta hizo koma.