Nahama Mafinga kwenda Tukuyu, shotigani naisafirishaje?

Mzee wa Viazi
Kamwene wakuu, naombeni mwongozo. Mwisho wa mwezi nahama na familia kutoka Mafinga tunarudi nyumbani Tukuyu, mizigo inapanda Fuso sisi tunafuata na gari ndogo. Shida yangu ni shotigani, ninayo kihalali tangu nilipokuwa nasumbuliwa na nguruwe pori shambani, leseni ipo na ule uhakiki wa silaha wa 2016 niliipeleka. Mama watoto anasema tuiviringishe ndani ya godoro iende na Fuso haitaonekana, mi roho inakataa ila utaratibu wenyewe siujui. Risasi zipo kumi na tano. Halafu kwenye gari kutakuwa na watoto wawili wadogo.

Mbena wa Makambako
Mkuu hiyo ya godoro achana nayo kabisa. Leseni ina jina lako, haina jina la dereva wa Fuso, wakikagua pale barabarani yule kijana anakutwa na silaha isiyo yake wakati wewe uko mbele huko hujui kitu. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina mchezo na mambo hayo. Bunduki inaenda na mwenyewe, na leseni yenyewe mkononi sio picha ya kwenye simu.
Kabla hujafunga mzigo hata mmoja nenda kwa OCD, yule mkuu wa polisi wa wilaya, hapo Mafinga mwambie unahama moja kwa moja, omba wakuandikie barua, ukifika Tukuyu nenda na hiyo barua kwa OCD wa Rungwe wakuingize kwenye kumbukumbu zao. Ukisimamishwa njiani sema mwenyewe mapema kuwa una silaha, usisubiri askari aivumbue.

Baba Tumaini
Sikiliza mwenzako yaliyonikuta. Nilihama Iringa kuja Mbeya, bunduki nikaifungia kwenye kabati la nguo, kabati likapanda kenta. Kenta ikafa Igawa usiku, mimi nishafika Uyole, nikakodi taksi nikarudi usiku uleule. Nakuta utingo kashusha vitu ili wainue gari, kabati liko wazi na bunduki imelala juu ya turubai, vijana wamekaa pembeni wanaota moto. Nilipoifungua ilikuwa na risasi moja ndani, na mimi nilikuwa naapa nimezitoa zote. Mpaka leo nikipita Igawa mwili unasisimka.
Kwa hiyo ndugu yangu elekeza mtutu chini pasipo na mtu, ifungue, angalia kwa macho na uingize kidole, halafu rudia tena. Risasi weka kwenye kasha lake lenye kufuli, funguo mfukoni mwako, bunduki kwenye mfuko wake kwenye buti, sio miguuni kwa watoto. Mkisimama Makambako kula, mtu mzima mmoja abaki kwenye gari. Na msilale njiani, mkitoka alfajiri mnafika mchana.

Dada Chimala
Samahani naingilia, babu yetu kafariki kaacha gobore na baruti kidogo, nyumba inauzwa tunahama. Naweza kwenda nalo?

Mbena wa Makambako
Pole sana kwa msiba dada. Hapana, leseni hairithiwi. Usilibebe hata kulipeleka kituoni, toeni taarifa polisi waje walichukue na hiyo baruti, kama kuna mwanafamilia analitaka aombe leseni yake mwenyewe. Serikali huwa inatangaza msamaha wa kusalimisha silaha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, ila msikae nalo mkisubiri tangazo.

Mzee wa Viazi
Ndaga fijo wakuu. Leo nimetoka kituoni, barua nafuata Alhamisi. Mama watoto nimemsomea habari ya Igawa akakaa kimya muda mrefu, godoro halitajwi tena. Nyumba ya Tukuyu chumba chetu bado hakina mlango, nikifika nitaomba bunduki ikae kituoni mpaka fundi aniwekee kabati la chuma la kufunga ukutani.