MC WA HARUSI ANATUDHALILISHA WASHAIRI, LEO NIMECHOKA!

Wakuu, nimetoka ukumbini Sinza sasa hivi, naandika ndani ya bajaji mikono inatetemeka. Msinisahihishe herufi.

Yule MC. Simtaji. Yule wa miwani ya jua saa nne usiku, suti inang'aa mpaka mtu wa Kigamboni anaiona bila kupanda pantoni. Mnamjua.

Nimeitwa kughani. Shairi la maharusi, nimelitunga kwa kuulizia majina ya mabibi na mababu wa pande zote. Mimi na mpiga zeze wangu tumewekwa nyuma karibu na jenereta tangu magharibi. Mara jamaa anashika maiki: "Sasa wakati wali unapakuliwa, kuna kijana atatuchangamsha na maneno maneno."

Wakati wali unapakuliwa!

Mimi nimesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Natunga, naandika tamthilia, naongoza, usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ninao. Eti maneno maneno.

Nikapanda. Ubeti wa kwanza, vijiko tu. Ubeti wa pili namtaja marehemu bibi yake bwana harusi, mama mtu anatoa leso, nikajua hapo nimewashika. Jamaa akaibuka na maiki YA PILI: "Mshairi gani anavaa viatu? Vua basi kama Mpoto tukuamini!"

Ukumbi ukaanguka. Mama mtu akacheka, leso bado iko jichoni. Wapishi wakatoka jikoni kuja kuangalia miguu yangu. Nadhani hata keki ilicheka.

Mrisho Mpoto kupanda jukwaani pekupeku ni mtindo wake. Nani kasema ni sare ya kazi?

Bahasha nayo nusu ya makubaliano, eti "umejitangaza". Lakini hela siyo shida. WAKATI WALI UNAPAKULIWA, wakuu. Nawasilisha.

Kiroba cha Sembe: Swali la msingi: ulivua, hukuvua?

Mleta uzi: Mkuu, hiyo siyo mada.

Kiroba cha Sembe: Alivua huyo 😂😂😂

Ticha wa Zamu: Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (tamthilia ya 1969, kwa mliokimbia vipindi) aliwaambia watu maji yatazuia risasi za Mjerumani, wakamwamini. Wewe umeshindwa kumzuia mtu mmoja asifuate sahani. Rudi Bagamoyo ukaanze upya.

Binti Ngonjera: Mnacheka, mimi niliitwa kughani kwenye kongamano. Nimekaa nasubiri, naambiwa "dada fupisha, mheshimiwa anawahi ndege". Nikakata shairi likabaki salamu na jina langu. Mheshimiwa akahutubia mpaka watu wakalala, na ndege hakupanda.

Fundi Mitambo: Washairi na nyie mnazidi. Mnanong'ona mpaka napandisha sauti, halafu ghafla mnapiga ukelele "AFRIKAAA!" spika zangu zinapasuka. Nani analipa?

Mleta uzi: Sijawahi kupiga ukelele wa Afrika. Turudi kwa MC tafadhali.

Mtunzi Mchovu: Afadhali umepata nusu, mdogo wangu. Tamthilia yangu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wameipiga picha kurasa zote. Juzi mwalimu kanitafuta inboksi, nikajua ananipa pole. Kumbe ukurasa wa 41 una kivuli cha kidole, anaomba nimpigie picha nyingine.

Kiroba cha Sembe: Ukampigia?

Mtunzi Mchovu: Nifanyeje, wanafunzi wana mtihani.

Shemeji wa Kimara: Samahani, huo ukumbi wa Sinza si ndio ule nyama iliishia meza ya nne?

Mama Junia: Nyama itatosha vipi? Mtu anachanga kadi ya single elfu 50 anatokea na mke, shemeji na dereva wa bodaboda! Mimi mweka hazina wa kamati nimezeeka kabla ya siku zangu.

Mleta uzi: Jamani hapa tunazungumzia SANAA. Nimekatishwa kwenye jina la MAREHEMU, wakati wali unapakuliwa. Mnaelewa uzito wake?

Ticha wa Zamu: Kilo ngapi?

Shemeji wa Kimara: Mkuu subiri kidogo. Mama Junia, unanisema mimi? Nilikuja na mke na mtoto. Mtoto naye anahitaji kadi?

Mama Junia: Mtoto hahitaji. Wa kwako ana ndevu.