Mdogo wangu anavuja mkojo tangu ajifungue, wanasema karogwa. Msaada wakuu

binti_malagarasi:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko Kibondo, uchungu ulimshika siku mbili nzima nyumbani kwa mkwe ndo wakampeleka hospitali, mtoto katoka ameshafariki. Kama siku ya tano hivi mkojo ukaanza kutoka wenyewe, hausikii hata ukija, usiku godoro linalowa chapachapa. Sasa una mwezi na kitu. Mume kamrudisha kwa mama, na huku wanasema kuna mkono wa mtu, wanataka apelekwe kwa mganga. Mguu mmoja nao anauburuta. Hii ni nini jamani na inatibika?

Nesi Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Hiyo inafanana kabisa na fistula, wengine wanaita nasuri. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu kinabana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki pale, nyama inakufa halafu baada ya siku kadhaa inabanduka linabaki tundu kati ya kibofu na uke, ndo maana haikuanza siku ileile. Na huo mguu ni mishipa ya fahamu ilibanwa hukohuko, mara nyingi unarudi taratibu kwa mazoezi. Hakuna mchawi hapo. Mwahisheni, tundu dogo likiwahiwa wiki za mwanzo wakamwekea mpira wa mkojo ukakaa mfululizo linaweza kujifunga bila kisu, likishakomaa ni upasuaji.

Kamanda_wa_Tegeta:
Mnawaozesha watoto wadogo halafu mnalia, ndo matokeo yake

mama Zai:
@Kamanda acha hizo. Kweli nyonga isiyokomaa ni hatari ila mamdogo wangu aliipata mimba ya sita, mtu mzima kabisa, mtoto alikaa vibaya na gari la kumpeleka hospitali halikupatikana. Kinachotoboa ni kucheleweshwa.

Dada, hospitali ya CCBRT pale Msasani Dar fistula wanatibu bure, na toka 2009 walianza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wao, yaani watu wao wanaotafuta wagonjwa huko mikoani, mamdogo alienda hivyohivyo. Pigeni simu kwanza muulize utaratibu wa sasa. Ila nyie wa Kigoma, hospitali ya Bugando Mwanza ni karibu zaidi nao wanafanya, gharama ndo muulize.

binti_malagarasi:
Mungu awabariki nimelia hapa. Ana miaka 24 kaka Kamanda. Shida atapandaje basi, anaona aibu ya harufu, na maji kaacha kunywa kabisa ili asivuje

Nesi Mstaafu:
Anywe maji!! Akiacha mkojo unakuwa mkali, harufu inazidi na mapaja yanababuka. Njiani vitambaa vya pamba vya kubadilisha, khanga za giza, vaselini mapajani, na mwambieni konda mapema asimamishe. Akishatibiwa wasikutane na mume mpaka daktari aruhusu, na mimba ijayo ni kisu, asijaribu tena nyumbani.

binti_malagarasi:
Mume alivyosikia inatibika kapiga simu eti anataka amsindikize, mama hataki hata kumsikia

mama Zai:
Nauli achangie, kusindikiza aende mama 😂 huko wodini atakuta wenzie kibao, wanasukana na kupiga stori, hatataka kurudi