MREJESHO: Ile picha ya mabata niliyoachiwa na babu

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama picha ya babu wa Mpwapwa, mabata wanatua bwawani jioni na taa inawaka kwenye nyumba ya shamba, ni mchoro halisi au nakala. Saini ni ya Terry Redlin.

Ni nakala. Niliazima lenzi ya fundi saa hapa Dodoma mjini: rangi yote imekaa vinukta vinukta kama gazeti. Pembeni kuna namba ya penseli, 412/960, yaani nakala ya 412 kati ya 960. Redlin, Mmarekani aliyefariki 2016, michoro yake mingi halisi iko Redlin Art Center, Watertown, South Dakota. Mke wangu kacheka sana. Nilishaanza kupiga hesabu za bati.

Kilichonishtua ni mgongo wa picha. Fundi fremu alipobandua hadibodi, mchwa walishajenga njia hadi kwenye kona, na karatasi imekuwa rangi ya chai. Amebadilisha, kaweka kadi isiyo na asidi. Nimeihamisha pia kutoka ukuta wa dirishani, maana jua letu hili linakula rangi.

Bibi anasema bwawa lile ni kama lambo la kwao. Basi, siuzi.