Mrejesho: Kaka amepona homa ya ini B, mimi bado

Niliuliza kwa nini kaka yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alipona homa ya ini B bila dawa ilhali mimi virusi havijatoka. Daktari hapa Mbeya amenieleza kwamba umri wa kuambukizwa ndio wenye uzito zaidi, kwani watu wazima takriban 95 kati ya 100 hupona wenyewe, lakini watoto wachanga wapatao 90 kati ya 100 hubaki na virusi. Kisha zipo jeni za HLA, zinazosaidia kinga kuvitambua virusi, ambazo hata ndugu wa damu hutofautiana. Utafiti wa Gambia wa mwaka 1995 uliihusisha aina mojawapo ya jeni hizo, DRB1*1302, na kupona. Kwa kweli maelezo hayo yamenituliza. Cheti cha vipimo cha kaka kinasomeka HBsAg (alama ya kuwapo kwa virusi) hasi, anti-HBs (kingamwili dhidi ya virusi) chanya, yaani amepona. Changu, HBsAg chanya hata baada ya miezi sita, yaani virusi bado vimo, hivyo naendelea na vipimo vya ini na wingi wa virusi.