Mwalimu kampa mpwa wangu kosa kwenye neno "encapsulate" wakati mtoto kapatia, hii imeniuma sana

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, hapa Mwanga, nimerudi toka kazini nikamkuta mpwa wangu kajikunyata mlangoni na daftari la Kiingereza, macho mekundu. Yuko kidato cha tatu na sio mtoto wa kulia hovyo. Nikamuuliza kulikoni mama, akanipa daftari hata hasemi. Waliambiwa watunge sentensi kwa neno encapsulate, yeye kaandika "The vitamin A oil is encapsulated in a soft red shell", mwalimu kapiga kosa kubwa la peni nyekundu na pembeni kaandika encapsulate ni summarize (yaani kufupisha), rudia mara kumi.

Mara kumi jamani! Sentensi iliyo sahihi!

Na hajaiokota hewani. Mwezi wa sita alimbeba mdogo wake kwenda zahanati kwenye matone ya vitamini A, akasimama pale anamwangalia nesi anavyokata ile ncha ya kapsuli kwa mkasi halafu anaminyia mafuta mdomoni kwa mtoto. Wenye watoto mnazijua, ya bluu ni ya wale wa miezi 6 hadi 11, nyekundu ni kuanzia mwaka mmoja hadi miezi 59. Mafuta yako ndani, ganda laini limeyazunguka pande zote, hayatoki mpaka ulikate. Sasa kuyafungia mafuta humo ndani Mwingereza anaitaje kama sio encapsulate? Neno lenyewe asili yake Kilatini, capsa ni sanduku na capsula ni kisanduku, na hata dawa za rangi mbili tunazomeza kila siku tunaziita kapsuli kwa sababu hiyohiyo, unga umefungiwa ndani. Yaani maana ya kufungia ndio shina, hiyo ya kufupisha imechipukia hapo, halafu mwalimu kashika tawi anakata shina.

Na hata hilo tawi kalishika vibaya. Nimefungua kurasa za nyuma nikakuta kawaandikia zoezi, "Encapsulate the passage in 50 words". Hapo neno la kawaida ni summarize, unachukua habari ndefu unaipunguza, mambo makuu yote yanabaki kwa ufupi, ule muhtasari tuliosumbuliwa nao wote shuleni. Encapsulate ni pale kitu kidogo kimoja kinapobeba kiini cha jambo zima, sentensi moja, picha moja, hata kichwa cha habari. Mfano mzee mmoja wa Kibirizi, kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, uvuvi ukisimamishwa akisema "ziwa limefungwa, sufuria zimelala", hajakufupishia taarifa ya uvuvi, hajakuambia ni miezi mingapi wala boti ngapi zimetia nanga, ila shida yote ya nyumba za wavuvi imo mle ndani. Hiyo ndio to encapsulate. Kuna watu wanalichanganya na encompass pia, ambalo ni kujumuisha vyote kwa upana wake, kwa hiyo kama zoezi la maneno mwalimu angewafundisha hayo matatu wakayatofautisha watoto wangefaidi kweli.

Nimempigia simu, nimemsalimia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, maana kanizidi umri. Nikamweleza taratibu. Akaniuliza "wewe umesomea ualimu?" Nikamwambia hapana mwalimu, nauza spea za pikipiki, ila kamusi ninayo hapa mkononi na maana zote mbili zimeandikwa. Akasema yeye anafuata notsi zake za miaka yote, akakata. Miaka yote! Sasa hesabuni wenyewe ni madarasa mangapi yametoka pale na nusu ya neno.

Kinachonitia hasira zaidi sio maksi. Huyu mtoto alikiona kitu kwa macho yake zahanati, akakirudisha darasani kwa Kiingereza bila kukariri, ndicho tunachowalilia kila siku wafanye, halafu anaadhibiwa. Saa hizi yuko mezani anaandika ile sentensi ya mwalimu, amefika ya sita, nimemwambia aache kasema "anko nisipomaliza atanichapa".

Kesho saa moja na nusu nipo ofisi ya mkuu wa shule na kamusi na daftari. Kama kuna mwalimu wa Kiingereza humu, naomba aniambie nianzie wapi ili mtoto asije akawekewa kinyongo baada ya mimi kuondoka.