Mrejesho: yule mpagazi wa Moshi aliyeogopa kuomba kazi ya kuongoza watalii

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza kama mtu wa kidato cha nne, Kiingereza cha kuungaunga, anaweza kuwa mwongoza watalii Kilimanjaro, au abebe tu mizigo mpaka mgongo ugome.

Mlinijibu mengi. Lililonishika ni la dada mmoja: niache kujipima kwa Kiingereza, nianze kueleza ninachokijua. Nikaanza na njia ya Machame. Kwa nini tunapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu tunashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000? Mwili unaonja hewa nyembamba juu, kisha unapumzika chini. Miaka yote nimepita pale na mzigo kichwani nikidhani huo si ujuzi. Ni ujuzi kabisa! Jioni nilikuwa namweleza mke wangu hayo yote kwa Kiingereza. Haelewi, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Mungu ambariki.

Mafunzo nimemaliza, leseni ninayo. Safari hii nimepanda kama mwongozaji msaidizi. Usiku, tukitoka kambi ya Barafu kuelekea kileleni, mgeni mmoja alianza kutapika na kuyumba. Nikamwambia mkuu wangu tumshushe mara moja. Akakubali, nikamshusha mimi.

Hofu bado ipo. Wageni wakiongea haraka napotea, ila sasa naomba warudie.

Wapagazi wenzangu mlioniuliza pa kuanzia: mfuateni mwongozaji yeyote mliyewahi kupanda naye. Mimi ndivyo nilivyoelekezwa.